Miti mia mbili ambayo haipo kwenye fleksi ya getini

Matokeo ya fomu foo yakitoka tu, wiki hiyo hiyo geti la shule yetu linavalishwa fleksi mpya. Ile ya mwaka jana inashushwa, inakunjwa, inapelekwa nyuma ya jiko kuezekea banda la kuku, kwa hiyo kuku wetu wanalala chini ya sura za watoto waliopata divisheni wani ya pointi saba na nane, wamevaa sweta la shule, shingo zimeinuliwa kidogo kama mpiga picha alivyowaambia. Asubuhi nikienda kuchota mbolea kwa ajili ya kitalu huwa najikuta nawasalimia kwa majina. Wengine wako vyuo vikuu sasa, mmoja yuko Bugando anasomea udaktari, mwingine ana duka la vipodozi pale Kanyenye na akiniona naingia anaficha simu chini ya meza kama vile bado niko zamu ya prepo.

Nafundisha baiolojia. Hapa Tabora nina mwaka wa saba, kabla ya hapa nilikuwa Kasulu kule Kigoma, nako shule ya jimbo, na kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa masista, kwa hiyo ukitoa miaka ya chuo na ile miezi niliyokaa kwa mama nikisubiri ajira, maisha yangu tangu fomu wani yameendeshwa na kengele ya shule ya kanisa. Jina la shule sitaji. Sio siri sana, ila Sista mkuu anapitapita mtandaoni kuliko mnavyodhani.

Sasa juzi kuna mzazi nilimkuta getini anaisoma ile fleksi, baba wa makamo, kaja na bodaboda kumletea binti yake godoro. Akaniuliza, "Madam, ukiacha kufaulisha, hii shule inafanya nini kingine?" Aliuliza kwa nia njema tu, alitaka kujua kama kuna kompyuta, kama kuna michezo. Nikamwambia kompyuta zipo, netiboli ipo, akaridhika akaenda zake. Ila swali nikabaki nalo wiki nzima, nikaona niliandike huku maana jibu lake ni refu na vipande vingine sio vya kujisifia.

Kwanza niliseme hili lieleweke, divisheni wani siidharau. Wanaopenda kusema "elimu sio matokeo tu" ukiwachunguza vizuri watoto wao wana matokeo tayari. Mtoto anatoka Sikonge ndani kabisa, baba analima tumbaku, ada inakuja vipande vipande kwa sababu hela ya tumbaku haionekani mpaka masoko yafunguliwe na ushirika ulipe, na ushirika kulipa nayo ni hadithi ya siku nyingine. Anafika fomu wani hajawahi kusoma ukurasa mzima wa Kiingereza akauelewa, na kitabu cha baiolojia chote ni Kiingereza. Namkumbuka mmoja alikuwa anaandika maana ya kila neno kwa penseli juu ya mstari, kitabu cha shule, matroni akakikamata akataka kumpa adhabu ya kuharibu mali. Nikakichukua nikakifungua. Ukurasa wa mmeng'enyo wa chakula ulikuwa hauonekani kwa penseli, hadi pembeni, hadi kwenye mchoro wa utumbo. Nikamwambia matroni kitabu hiki nakinunua mimi, muache. Yule binti alitoka na divisheni wani ya pointi kumi na mbili, akapandishwa kwenye fleksi, akashushwa, yuko bandani na kuku sasa hivi, na kila nikimwona pale nasema ni haki yake kabisa.

Zamani nchi nzima ilikuwa inasubiri kumi bora ya Baraza la Mitihani. Shule kama St. Francis ya Mbeya na Marian ya Bagamoyo zilikuwa hazikosi mle, sisi wa huku tunaisoma ile orodha kama tunavyofuatilia ligi ya Uingereza, tunashangilia timu ambazo hazitujui. Januari 2023 Baraza likatoa matokeo ya fomu foo ya mwaka 2022 bila kutaja shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora, na mimi nikajua sasa tutapumua. Wapi. Kila shule ikatengeneza kumi bora yake, na kwa macho yangu ndo fleksi zikaanza kunenepa. Ya kwetu ya mwaka huu imefika mpaka kibanda cha mlinzi, mlinzi analalamika haoni barabara.

Turudi nyuma kidogo maana bila hili la nyuma stori ya miti haitaeleweka. Mapadri Weupe walifika Tabora mwaka 1878, mwaka uliofuata wakawa Ujiji. Shule zikafuata misheni, na hapa mjini wakawa na St. Mary's, ambayo ndo Mwalimu Nyerere alifundisha baada ya Makerere, kuanzia 1946 mpaka 1949 alipokwenda Edinburgh. Alikuwa anafundisha baiolojia. Kila Januari nawaambia fomu wani kwamba Baba wa Taifa alifundisha somo langu kwenye mji huu huu, na kila Januari kuna mmoja lazima aulize kama alikuwa anachapa. Halafu ikaja sheria ya elimu ya 1969, shule za madhehebu zikataifishwa, St. Mary's ikaja kuwa Milambo tunayoijua leo, na aliyekuwa Ikulu wakati huo ni yule yule aliyewahi kushika chaki yake. Nikilifikiria hilo sijui nicheke au ninyamaze. Kanisa likabakiwa na seminari. Sekondari nyingine zikaanza kurudi taratibu miaka ya baadaye, na mwaka 1992 maaskofu katoliki pamoja na wenzao wa CCT, yaani Jumuiya ya Kikristo Tanzania, wakaunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ili shule na hospitali zao ziwe na mtu mmoja wa kuzisemea.

Zikarudi, ndio, ila zilirudi na ada. Nyuma ya ukuta wetu kuna mzee anafuga mbuzi, alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne enzi hizo, anajua mpaka leo nyimbo za Kilatini alizofundishwa na padri, na ana wajukuu wanne wa kike. Hakuna hata mmoja anayesoma kwetu. Sio kwamba hatupendi, ni hesabu tu, ada ya mtoto mmoja kwa mwaka anauza mbuzi wangapi? Kwa hiyo yeye akisema "shule ya misheni" anasema ya zamani, ile iliyokuwa ya kwao. Sisi anatuita watu wa ukutani.

Mwaka mmoja likaja agizo kwamba kila shule iwe na mradi wa jamii, itume ripoti na picha. Shule zetu zipo kama ukoo, neno likisemwa juu linashuka kote, seminari, shule za masista, za parokia, kila mmoja anajikuna kichwa. Mimi ndo mlezi wa klabu ya mazingira, Sista akaniita akasema Madam, miti. Nikasema miti, sawa. Nani atapinga miti Tabora? Mapori yanaisha tunayaona, mabani ya tumbaku yanakula kuni usiku na mchana msimu wa kukausha, mkaa unapita mbele ya geti kwenye baiskeli kila alfajiri, magunia mawili mawili.

Tukaleta miche mia mbili, mikaratusi na mijohoro, na tukachagua tarehe 1 Aprili kwa sababu ndo siku ya taifa ya kupanda miti, ikakaa vizuri kwenye barua ya kumwalika mgeni rasmi. Watoto walichimba mashimo kuanzia saa mbili asubuhi, kando ya njia inayozunguka ukuta kwenda bondeni. Mgeni rasmi akafika saa tisa. Kuna risala, kuna ngonjera, kuna fulana za kijani, kuna soda, mgeni akapanda mche mmoja akamwagia maji na ndoo mpya iliyonunuliwa kwa kazi hiyo, picha zikapigwa mpaka jua likaanza kuzama. Nilijisikia vizuri sana siku ile, siwezi kudanganya.

Anayeijua Tabora ameshacheka. Mvua zetu zinaanza Novemba, Aprili zinaaga. Tumepanda wiki ya mwisho ya mvua! Mwalimu wa baiolojia, mwenye shahada, nafundisha watoto jinsi mzizi unavyofyonza maji, nimeuweka mche ardhini wakati ardhi inafunga mlango. Mei tukawa tunamwagilia kwa zamu, Juni watoto wakaenda likizo, na walioendelea kufika pale kila siku bila kukosa ni mbuzi. Agosti nilipohesabu ilikuwa mitatu. Na ripoti ilishakwenda zamani, imeandikwa vizuri tu, "miti 200 imepandwa", ambapo ukitazama hakuna uongo. Ilipandwa.

Nilikuwa nimesimama pale naitazama ile mitatu, yule mzee akaja na fimbo yake. "Mwangaluka, mwalimu." Nikaitikia. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Huku mti unapandwa mvua ikianza. Nyie mmepanda mgeni alipofika." Nikamuuliza kwa nini hukutuambia babu, ulikuwepo umekaa pale chini ya mwembe siku nzima. Akasema, "Hamkuniuliza. Mlikuwa mnapiga picha."

Watoto wetu wengi wako TYCS, chama cha vijana wanafunzi wakatoliki, na TYCS wana utaratibu wao wanaufundisha hata kwa fomu wani, Ona, Amua, Tenda. Nimeukariri tangu nina miaka kumi na minne. Na siku ile nikaona wazi kwamba sisi tulianza na Tenda, tukaruka kwenye picha, Ona tukaletewa na mzee wa mbuzi miezi minne baadaye.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshaona namna nyingine. Kule Kasulu shule yetu ilikuwa juu ya kilima, chini yake kuna chemchemi, na sisi hatukuwa na mradi wowote wala agizo lolote. Siku moja asubuhi na mapema mama mmoja akaja getini, "Mwakeye," kasalimia vizuri tu, halafu akaweka ndoo mbele ya miguu ya mkuu wa shule. Maji yalikuwa na povu. Kumbe wasichana wetu Jumamosi wanafulia juu ya chemchemi, na maji ya sabuni yanateremka mpaka wanakochota wenzetu wa chini. Hakupiga kelele. Alisema tu watoto wake wanayanywa haya, akaondoka, ndoo akaiacha pale. Ile ndoo ilikaa mbele ya ofisi siku mbili, hakuna aliyethubutu kuimwaga.

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyefua. Wasichana walichimba mtaro wa kupeleka maji machafu upande mwingine kabisa, wakahamisha mahali pa kufulia, wakazungushia chemchemi uzio wa miti na matete, na wale kina mama wa chini wakaja kuwaonyesha wapi maji yanatokea hasa maana sisi tulikuwa tumeanza kuzungushia mahali sipo. Kasulu ni mji wa vibao, magari ya mashirika yanapita kutwa kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kila kisima kina kibao cha aliyekifadhili, ila chemchemi ile haina kibao mpaka leo. Lakini mpaka naondoka pale, uzio ukivunjika simu inapigwa shuleni, "chemchemi yetu imebomolewa, leteni watoto." Yetu, yaani yao na sisi. Hiyo ndo nilikuwa nimeisahau nilipofika Tabora nikapewa fulana ya kijani.

Basi tukaanza upya, safari hii nikaanzia chini ya mwembe wa mzee. Nikamuuliza miti gani. Mikaratusi hataki hata kuisikia, inakunywa maji ya wenzake. Alitaka miembe, kwa sababu mwembe ni kivuli, ni chakula cha watoto, na mji huu bila mwembe sio Tabora. Na alitaka mininga, sababu alisema akiwa kijana bondeni kulikuwa na mininga na sasa anaenda kununua mlango wa mninga mjini kwa bei ya ng'ombe.

Miembe ni rahisi, mbegu zinatupwa kila mahali msimu ukifika. Mninga ndo kazi. Kuota kwenyewe kwa shida, lile tunda lake gumu lenye bawa unahangaika nalo mpaka ukate tamaa. Hapo ndo ukoo wa shule ukasaidia kweli, bila barua wala agizo, kuna seminari moja ya wavulana ambao wana mizinga ya nyuki porini na mwalimu wao ni mtu wa kitalu hasa, wakatuletea viriba arobaini vya mininga kwenye pikapu iliyokuwa inakuja kuchukua mahindi. Wasichana wetu wakawapelekea sabuni ya maji waliyotengeneza maabara. Wavulana wakarudisha asali chupa mbili. Mambo yakaanza kunoga kidogo kuliko nilivyotaka, tukaweka utaratibu kwamba mizigo inabebwa na madereva tu.

Shida ikawa kalenda. Mvua inaanza Novemba, watoto wanafunga shule mwanzoni mwa Desemba, wanarudi Januari. Nani atatunza kitalu? Mzee akasema yeye, kwa malipo ya mbolea ya kuku, viroba vitatu kwa mwezi. Sista akakubali ila akataka iandikwe, mzee akasaini kwa mwandiko mzuri wa darasa la nne la misheni ambao ulimfanya Sista autazame mara mbili. Wiki ya kwanza ya kufungua shule, mvua ndo inachapa, tukapanda miche tisini, kila mmoja umezungushiwa miiba, na njia ya mbuzi tukaiacha kama ilivyo. Hatukumwita mgeni.

Kiangazi kilipofika wasichana wakaja darasani wanalia, Madam mininga yote imekufa, imekauka mpaka chini. Mimi mwenyewe moyo ukashuka. Nikaenda kwa mzee nimeshaandaa maneno ya kuomba samahani, akacheka mpaka akakohoa. Kumbe mninga mchanga ndo tabia yake, kiangazi unakufa juu, mzizi unabaki hai chini, mvua ikirudi unachipua upya, na unaweza kufanya hivyo miaka kadhaa mpaka mzizi ushibe ndo uanze kupanda juu. Nikaenda kusoma vitabuni, kweli iko hivyo. Nilikuwa nimefundisha mimea miaka tisa bila kujua mti wa mlango wa nyumba yetu unakuaje. Sasa ni swali langu la majaribio kila mwaka. Ya mwisho kuhesabu ilikuwa sitini na moja hai, na ule mche aliopanda mgeni rasmi, mzee anasema uliliwa na mbuzi wake mweupe, huwa anamwonyesha watu.

Mradi wa pili haukuwa mradi. Wengi hawajui, shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa hapa hapa Tabora na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Mji huu huu una shule ya Furaha ya wasioona, na chuo cha AMUCTA kinafundisha walimu wa elimu maalum. Tumezungukwa na haya mambo, lakini kwa shule kama ya kwetu yalikuwa ni majengo tunayoyapita tukienda mjini.

Tulikuwa na binti wa fomu tuu, mdogo wake ni kiziwi. Siku ya wazazi mama akaja na yule mdogo, na dada mtu akawa anaongea naye kwa mikono pale bwaloni, wenzake wakakaa wanawaangalia, wawili watatu wakacheka. Usiku ule alilia. Kesho yake hakulia tena, alikasirika, na hasira yake aliifanyia kazi ya ajabu, akaanza kufundisha bweni zima lugha ya alama baada ya chakula cha jioni. Sijui aliwashawishi vipi. Mimi nilikuja kugundua kwa njia ya zamu, prepo imekuwa kimya kupita kiasi, nikajua wanapiga msuli, kumbe wanapiga soga kwa mikono kutoka dawati la mbele mpaka la nyuma! Na sheria za prepo zinasema marufuku kuongea. Nimefungua kitabu cha sheria nikatafuta kosa, sijaliona.

Nje ya geti letu, upande wa kituo cha bajaji, kuna mama anauza karanga na michembe kwenye beseni. Ni kiziwi. Muda wote tulikuwa tunanunua kwake kwa kunyoosha vidole na kupiga kelele, maana binadamu akikutana na asiyesikia jambo la kwanza anaongeza sauti, na wote tulikuwa tunamwita Bubu, walimu, mlinzi, wanafunzi, hata masista, bila ubaya, ndivyo tulivyojiambia. Jumamosi moja wale wasichana wakatoka kwenda kununua karanga wakakaa dakika arobaini. Mlinzi akaja kuniita akidhani kuna ugomvi. Nikawakuta wamechuchumaa kuzunguka beseni, mama anaongea kwa mikono haraka haraka, uso wote unacheka, na yule binti anawatafsiria wenzake. Akageuka akaniambia, Madam, anaitwa fulani. Jina kamili, na la baba. Muda wote huo nakula karanga zake.

Jina sasa ninalo, sitaliandika hapa bila yeye kukubali.

Baada ya hapo mambo yakajiendea yenyewe. Mtoto wake akaumwa, akaja getini anamtafuta yule binti, alikuwa hamtafuti mwalimu wala Sista. Tulisita kumruhusu mwanafunzi kutoka saa za masomo, mwisho matroni akaenda naye zahanati. Matroni ndo alinisimulia, nesi alikuwa ameandika dawa kwenye karatasi na mama kusoma kwake ni kwa kubahatisha, mara ya nyuma alikuwa amempa mtoto dozi ya siku tatu kwa siku moja kwa sababu vidole vitatu vya nesi alivielewa vingine. Binti akakaa kwenye benchi akamweleza, asubuhi, mchana, jioni, kila mara kijiko kimoja, akamfanya arudie mwenyewe mpaka akapatia. Sasa hivi kuna wasichana wanne wa zamu wanaojulikana pale zahanati, nesi mwenyewe ameanza kujifunza, na TYCS wa shule mbili nyingine wameomba tuwapelekee mwalimu, ambaye ni mtoto wa fomu tuu mwenye urefu wa dawati.

Yule aliyeanzisha alimaliza fomu foo na divisheni tuu, pointi ishirini. Fleksi yetu ni ya wani tu, kwa hiyo hajawahi kupanda getini wala kufika kwa kuku. Fomu sikisi amesoma kwingine, amemaliza Mei, anataka kusomea elimu maalum, na jana amenitumia fomu ya kuombea ufadhili kuna sehemu ya kujazwa na mwalimu aliyemfundisha. Imeandikwa "Mafanikio ya mwombaji", na chini yake mistari mitatu.

Mstari wa kwanza nimeandika matokeo yake maana lazima. Wa pili nilitaka kuandika habari ya mama wa karanga, nikakwama kwenye jina, siwezi kumwandika Bubu kwenye karatasi ya ofisi na siwezi kuandika jina la mtu bila kumuuliza. Umeme umekatika, simu ina chaji asilimia kumi na nane. Kesho saa nne mapumziko nitatoka getini nimuulize, ila inabidi niende na mmoja wa wale wanne, kwa sababu mimi kwa mikono mpaka leo najua salamu, bei na samahani.